Kuendesha Kigari cha Tiara Majini: Mwongozo Kamili kwa Fukwe za Kigoma

Mwendeshaji wa kigari cha tiara aliyejifunzia baharini amezoea kuhudumiwa na kupwa na kujaa kwa maji, kwa sababu bahari inapokupwa humwachia uwanja mpana wa mchanga ulioshindiliwa, tena kwa saa zinazojulikana mapema. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Mchanga mkavu wa juu ni laini na humeza gurudumu, na mchanga mgumu ni ule mkanda mwembamba tu ambao wimbi limetoka kuulowesha. Zaidi ya hayo, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yalimeza sehemu ya fukwe tulizozizoea, na mahali pengine majani na michikichi sasa imebaki hatua chache tu kutoka ukingoni. Kwa sababu hiyo, hapa Kigoma kupita majini ni sehemu ya njia yenyewe, wala si mbwembwe ya kurusha maji ili mtu apigwe picha. Anayetaka kwenda kilomita mbili mfululizo atalazimika kuingia na kutoka majini mara nyingi, na mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo bila kung'olewa kitini, bila kuharibu chombo na bila kuwasumbua wenye ufukwe, ambao ni wavuvi na waanika dagaa.

Kigari ninachokizungumzia ni chombo cha magurudumu matatu kisicho na injini wala breki, chenye kiti kilichoning'inizwa karibu na ardhi, ambacho huongozwa kwa miguu inayosukuma uma wa gurudumu la mbele huku mikono ikishika vishikio vya tiara. Tiara yenyewe si ile ya chelewa na mfuko wa nailoni ambayo watoto wetu huirusha. Ni bawa la kitambaa chepesi cha nailoni lenye vyumba vinavyojaa hewa, lililofungwa kwa kamba nne: mbili za kuvuta na mbili za breki. Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mwalimu wa shule George Pocock wa Bristol, Uingereza, alisajili hataza ya gari la kuvutwa na tiara mwaka 1826, ingawa kigari cha sura tunayoijua leo kilienea kutokana na kazi ya Peter Lynn wa New Zealand mnamo mwaka 1990.

Upepo kwanza, maji baadaye

Kabla ya kugusa chombo, simama ufukweni ukiutazama upepo kwa angalau nusu saa. Ufukwe wa Kigoma unatazama magharibi, na jambo hilo moja linaamua karibu kila kitu. Mchana, ardhi inapopata joto kuliko ziwa, upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku na alfajiri, ardhi inapopoa, mwelekeo hugeuka na upepo hutoka vilimani kwenda ziwani, ule ambao mabaharia wa pwani wangeuita matlai. Juu ya mzunguko huo wa kila siku upo upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, ambao kati ya Mei na Septemba huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa.

Kanuni yangu ya kwanza, ambayo sijawahi kukubali kuivunja wala kumruhusu mwanafunzi aivunje, ni hii: ingia majini tu wakati upepo unatoka ziwani kuja ufukweni, ama moja kwa moja ama kwa mshazari. Upepo wa namna hiyo unaiweka tiara upande wa nchi kavu, hivyo ikianguka itaangukia mchangani, na ukipoteza udhibiti utavutwa kuelekea ufukweni. Upepo unaotoka nchi kavu hufanya kinyume chake chote: tiara hukaa juu ya maji, nguvu yake hukuvuta kwenye kina, na ziwa hili la bonde la ufa, ambalo kina chake cha juu kabisa kinafika mita 1,470, halina huruma kwa mtu aliyevutwa mita chache kupita ukingo wa tambarare ya chini. Asubuhi za kiangazi, kusi linapokuwa bado lina mwegemeo wa mashariki, kaa mchangani au subiri. Mara nyingi mchana upepo wa ziwani huingia na kuusogeza mwelekeo kuja upande unaofaa.

Upepo huo mzuri nao una deni lake. Kwa kuwa tiara inaruka upande wa nchi kavu, kamba za mita 20 hadi 25 zinaweza kuifikisha kwenye michikichi, mapaa ya mabati au nyaya za umeme. Hapo ndipo maji yanapogeuka rafiki, maana kila mita unayosogea ndani ya maji mafupi ni mita unayoiongezea tiara kabla ya mti wa kwanza. Hata hivyo, kwenye nyaya za umeme hakuna hesabu ya kufanya: ukiziona karibu na ufukwe, hama. Hama pia ukisikia radi, hata ya mbali, kwa sababu kamba iliyolowa hupitisha umeme. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa maeneo ya maziwa usomwe kila siku kabla ya kutoka nyumbani, hasa kuanzia Novemba mvua zinapoanza.

Kuchagua ufukwe na kuomba ruhusa

Fukwe ndogo zilizozungukwa na miamba, kama zile za Jakobsen kusini mwa mji, zinapendeza sana lakini ni za kuogelea. Kigari hakina pa kugeukia. Kaskazini kuelekea Gombe milima inashuka hadi majini, na mchanga hukatikakatika. Unachotafuta ni mahali ambapo mto umemwaga mchanga na udongo kwa miaka mingi hadi chini ya maji pakawa na mteremko mdogo, kama ilivyo kusini mwa Ujiji kuelekea Luiche. Lakini mito inayotengeneza tambarare hizo ndiyo pia makao ya mamba na viboko, kwa hiyo kaa mbali na midomo ya mito na mafunjo, na usiendeshe alfajiri wala jioni. Waulize wavuvi wamemwona mnyama gani wiki hiyo, na jibu lao lichukue kuwa amri.

Mazungumzo hayo na wavuvi yana sababu ya pili. Wengi wao hufanya kazi usiku kwa taa, na mchana wewe unapotaka kucheza ndio wakati mchanga umetandazwa dagaa, nyavu zinakaushwa na mitumbwi imefungwa kwa kamba zinazoingia majini. Nenda kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa mwalo husika siku moja kabla, eleza unachotaka kufanya, waoneshe tiara ikiwa imekunjwa, na ukubali mpaka watakaokuwekea. Kipindi cha mapumziko ya uvuvi, kama kile cha tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, kinaangukia katika msimu wa upepo na fukwe huwa wazi zaidi, lakini ruhusa bado ni ya kuombwa. Siku ya kuendesha, uwe na wasaidizi wawili wa kuwazuia watoto, ambao hukimbilia tiara kwa furaha bila kujua kwamba kamba nyembamba iliyokazwa hukata ngozi kama kisu.

Kukiandaa kigari kwa ajili ya maji

Kigari kinachofaa mchangani hakifai majini bila marekebisho, ingawa marekebisho yenyewe yanaweza kufanywa na fundi yeyote makini wa kuchomelea. Tairi la ukubwa wa 4.00-8, lile lile la bajaji, ndilo ninalolipendekeza. Kipenyo chake ni takribani sentimita 40, kwa hiyo ekseli inakaa kama sentimita 20 kutoka chini, na kipimo hicho tutakirudia. Matairi manene kupita hayo, yanayopendwa kwenye mchanga laini, hugeuka kero ndani ya maji kwa sababu huelea. Tairi la bajaji lina ujazo wa takribani lita 7, hivyo hata likizama lote maji yanalinyanyua kwa nguvu ya kilo 7 hivi tu. Tairi nene linanyanyuliwa mara kadhaa zaidi, linapoteza mshiko wake mchangani, na kigari huanza kuserereka ubavu kuelekea demani, yaani upande unakoelekea upepo. Jaza hewa ya psi 15 kwa kuanzia, kisha ipunguze kidogo kidogo hadi tairi liache alama pana isiyo na kina.

Beringi ndizo zinazokufa mapema. Chagua zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, ambazo huandikwa herufi 2RS baada ya namba. Kwa ekseli ya milimita 20, namba ni 6204. Beringi yenye mfuniko wa bati inaingiza maji na mchanga mwembamba siku ya kwanza. Paka grisi kuzunguka mfuniko kwa nje ili mchanga ukutane nayo kabla ya kufika kwenye mpira.

Mabomba ya fremu ama yazibwe kabisa kwa kuchomelewa ncha zote, ama yatobolewe matundu upande wa chini ili maji yatoke, kwa kuwa bomba lililozibwa nusu hubaki na maji ndani na kuoza bila kuonekana. Kiti cha turubai nacho kitobolewe na kutiwa vyuma vya vitundu, angalau sita. Kiti kisichotoboka kikipigwa na wimbi moja kinaweza kubeba lita 10, na hizo ni kilo 10 zilizoongezeka ghafla mahali ambapo uzito hautakiwi.

Kuhusu mwili wako: vaa jaketi okozi lililofungwa vizuri, raba zenye kufunika vidole, na kofia ngumu ya baiskeli yenye matundu, kwa sababu helmeti ya bodaboda ni nzito na inajaa maji. Usijifunge kwenye kigari kwa kamba yoyote, kwa sababu yoyote.

Tiara ya kiasi gani?

Kwa mtu mzima wa kilo 70 aliyekwisha kujifunza mchangani, tiara ya mita za mraba 5 inafaa upepo wa kilomita 15 hadi 22 kwa saa, ya mita 3 inafaa kilomita 22 hadi 32, na ya mita 2 inabaki kwa upepo wa juu ya hapo, ambao anayeanza hana sababu ya kutoka nao. Kama huna kipima upepo, tazama ziwa: mawimbi yanapotoa povu jeupe hapa na pale, upepo umekaribia kilomita 20 kwa saa, povu likiwa kila mahali na mchanga mkavu unapeperuka, umepita 28. Kumbuka kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo kutoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa mvuto unazidi maradufu.

Waliozoea bahari watagundua kwamba tiara zao hapa zinavuta pungufu kidogo. Ziwa Tanganyika lipo mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa katika kimo hicho ni nyepesi kwa takribani asilimia 7. Tofauti hiyo inahisika katika upepo hafifu, lakini isiwe kisingizio cha kuchukua tiara kubwa zaidi. Kishawishi cha pili cha kuchukua tiara kubwa ni ukinzani wa maji wenyewe, na hicho ndicho hatari zaidi: tiara iliyokadiriwa kwa ajili ya kigari kilicho ndani ya maji itakuwa kubwa mno mara tu magurudumu yatakapotoka majini na kurudi mchangani. Kadiria kwa ajili ya mchanga.

Hakikisha tiara ina kamba za usalama za vifundoni, zinazounganisha mikono yako na kamba za breki, ili ukiachia vishikio breki zivutwe, tiara ipoteze nguvu na kushuka. Ijaribu mara tano ukiwa umesimama mchangani, hadi mikono iachie yenyewe bila kushauriana na akili.

Kuyapima maji kwa miguu

Hatua hii inarukwa na wengi, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote. Chukua fimbo na uikate alama mbili, moja kwenye sentimita 10 na nyingine kwenye sentimita 20. Tembea njia nzima unayokusudia kupita, kwanza kwenye kina cha magoti kisha ukirudi kwenye kina cha vifundo vya miguu, ukikanyaga kwa uzito na kutafuta mashimo, mawe, kamba za nanga, vipande vya nyavu na mahali ambapo chini ni tope badala ya mchanga. Mguu unaozama kupita kifundo unakuonya kwamba gurudumu nalo litazama. Simika vijiti upande wa ziwani pale alama ya sentimita 20 inapolowa, na usivuke mstari wa vijiti hivyo. Mipaka yangu ni hii: hadi sentimita 10 unaweza kwenda kwa mwendo wa kawaida, kati ya 10 na 20, ambapo maji yanafika kwenye ekseli, nenda polepole sana, zaidi ya hapo kigari kinaacha kuwa kigari. Mawimbi yapimwe pia, maana kina cha sentimita 10 chenye wimbi la sentimita 20 kinageuka kina cha 30 kila baada ya sekunde chache.

Kuingia na kutoka

Ukinzani wa maji nao hukua kwa mraba wa mwendo: ukiingia kwa kilomita 30 kwa saa badala ya 15, maji yanakurudisha nyuma mara nne. Mara yangu ya kwanza niliingia nikiwa nimeelekeza gurudumu la mbele moja kwa moja ziwani, kwa kasi yote niliyokuwa nayo. Gurudumu lilizama, kigari kikasimama, lakini tiara haikusimama, nami nikaangukia kifudifudi mbele ya kigari huku kamba bado zikinivuta. Maji yalikuwa ya sentimita 15 tu.

Anza kwenye mchanga mgumu, ukienda sambamba na ukingo, tiara ikiwa mbele yako kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kutoka ardhini. Mwendo ukishatulia, uelekeze uma wa mbele kidogo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ambao katika hali tuliyoichagua ndio upande wa ziwa. Uingie majini kwa mshazari mdogo, kiasi kwamba unahitaji mita 10 za mbele ili kusogea mita 2 au 3 kuelekea kwenye kina. Mshazari huu una faida mbili kwa pamoja: kupanda joshi kunapunguza mwendo wenyewe, na maji yanaongezeka taratibu badala ya kukupiga kama ukuta. Kabla gurudumu la mbele halijagusa maji, egemea nyuma, kaza miguu kwenye vikanyagio na vuta breki za tiara kwa kiasi kidogo sana, ili isikutangulie kigari kinapopungua mwendo.

Ukiwa ndani ya maji, uma wa mbele ubaki umenyooka. Kukata kona kwa nguvu kunalifanya gurudumu la mbele lichimbe mchanga laini wa chini, na kigari hupinduka kuelekea demani. Kama mwendo unapungua mno, usiishushe tiara kwa ghafla katikati ya upepo, pale inapovuta kwa nguvu zaidi. Ipandishe na kuishusha kwa mawimbi madogo mbele yako, kwa kuwa tiara inayotembea huvuta zaidi ya iliyotulia, na mvuto huo unakuja kwa kiasi unachoweza kukirudisha. Wimbi likija, lipokee kwa gurudumu la mbele kwa mshazari, kamwe si kwa ubavu. Usifumbe macho maji yanaporuka usoni: miwani ya plastiki yenye kamba inasaidia sana hapa.

Kutoka kunaonekana rahisi, na ndiko wengi wanakojeruhiwa. Unapogeuza kuelekea ufukweni, unageuka pia kuelekea demani, mvuto unaongezeka, na wakati huo huo ukinzani wa maji unatoweka. Mambo hayo mawili yakikutana, kigari kinaruka mbele. Kwa hiyo ipandishe tiara kuelekea kileleni na isogeze ukingoni mwa upepo, pale inapovuta kidogo, kabla ya magurudumu ya nyuma kutoka majini, ukishika breki tayari, kisha uirejeshe pale utakapokuwa umetulia mchangani. Kugeuza kurudi ulikotoka kufanyike mchangani daima. Ipeleke tiara juu, ivushe upande wa pili, na ukizungushe kigari kuelekea demani kuifuata.

Tiara ikianguka majini

Hata katika upepo unaofaa, tiara inaweza kuangukia maji mafupi iwapo upepo umekata ghafla. Tiara yenye vyumba vilivyo wazi huchota maji, na ukijaribu kuirusha ikiwa imejaa, kuta za vyumba hupasuka. Simamisha kigari, teremka, na tembea kuifuata ukizungusha kamba kwenye vishikio, bila kuizungusha mkononi hata mara moja. Ishike ncha moja tu ya bawa, iburute mchangani kwa ncha hiyo ili maji yamwagike upande wa pili, kisha itikise. Iwapo imeangukia kwenye kina na upepo unaanza kukuvuta, achia vishikio, na ikihitajika jifungue hata kamba za vifundoni. Tiara hununuliwa tena. Msaidizi aliyebaki ufukweni awe na simu yenye chaji na ajue namba ya dharura, 112.

Baada ya kutoka majini

Maji ya ziwa hayana chumvi ya baharini, na hilo linaongeza umri wa vyuma. Adui aliyebaki ni mchanga. Suuza kigari kwa maji safi, kigeuze juu chini ili fremu imwage ilichobeba, na anika tiara kivulini, kwa kuwa jua la Kigoma linakausha na kudhoofisha nailoni kwa pamoja. Kichocho kipo katika ziwa hili, hasa kwenye maji yaliyotuama na yenye majani, kwa hiyo epuka pembe hizo, jifute kwa taulo mara tu unapotoka, na kama unaendesha mara kwa mara, nenda ukapimwe kituo cha afya wiki kadhaa baada ya msimu hata kama hujisikii chochote.

Kesho yake asubuhi, kabla grisi haijapata joto la mchana, nyanyua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono karibu na sikio. Likizunguka kimya na kusimama taratibu, beringi ni nzima. Likikwaruza, hata kidogo, futa grisi ya nje, toa beringi na uibadilishe siku hiyo hiyo, kwa maana mchanga uliokwisha kuingia hautoki kwa kuoshwa.